Mguu wa Mbuzi wa Pasta

Kama ulisikia kuna mtu wa buchari alienda kwa nyumba ya pasta akamnyang'anya nyama mbele ya wazee wa kanisa, usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi Wafula, muuza nyama wa hapa Kimumu, Eldoret, na hiyo aibu nimetembea nayo mpaka imenizoea. Naisimulia mwenyewe kwa sababu wale wengine wanaisimulia wakiongeza, na mimi mnanijua, siongezangi kitu (labda kidogo tu, pahali imepungua).

Sasa, nyuma ya buchari yangu kuna nyumba anaishi mama mmoja anaitwa Daktari Jerop. Usisikie daktari ukafikiria sindano. Huyu ni daktari wa nguo. Yaani nguo inazeeka, inagonjeka, inaletwa kwake, anailaza kwa meza refu kama mgonjwa wa operesheni, anavaa glavu, anaiangalia na lenzi, anashona uzi moja leo na ingine wiki ijayo, hana haraka hata kidogo. Amesomea historia ya nguo mpaka ng'ambo. Ukimpatia kitambaa anaishika hivi, anakwambia ilifumwa na mashine ya aina gani, rangi ilitoka wapi, na mwenyewe alikuwa anatoka jasho kwa kwapa gani (sawa, hiyo ya kwapa nimeongeza). Siku ya kwanza nilimuuliza kama nguo ikikufa huwa anaandika barua ya mochari. Hakucheka. Watu wa nguo hawachekangi haraka.

Basi siku moja akakuja kwa buchari na uso ya mtu ako na shida. Akaniambia friza yake imekufa, fundi ameenda na ile mashine ya ndani, na ako na mgonjwa anataka baridi. Nikamwambia hapa wagonjwa wangu wote walishakufa. Akanieleza pole pole, vile unaeleza mtoto, kwamba kuna blanketi ya sufi imeingiwa na wale wadudu wanatoboanga masweta, na blanketi ya zamani hivyo huwezi pulizia dawa, dawa itakula rangi, kwa hivyo unaigandisha wiki mbili mpaka wadudu wafe pamoja na mayai zao. Nikasema haya, nani kama mimi, friza yangu ni kubwa mpaka ng'ombe anaweza lala ndani ageuke.

Hiyo blanketi ilikuwa ya Gogo Rael, ule nyanya wa hapa chini karibu na kisima. Bwanake, Mzee Kibor, alikuwa mfumaji kwa kiwanda ya blanketi hapa Eldoret zile siku za kitambo, na ndiye aliifuma na mkono yake, na nyuzi zenye zilikuwa zinabaki kwa mashine, ndiyo ampatie Gogo wakioana. Mzee ashaenda. Picha yake hawana, ile moja ilikuwako ilinyeshewa. Imebaki tu hiyo blanketi, na wadudu walikuwa wameanza kuila kwa kona.

Gogo alikuja mwenyewe kuona ikiingia friza. Daktari alikuwa ameiviringisha kwa bomba ya karatasi ngumu, akaifunga na karatasi nyeupe, halafu plastiki, akatoa hewa yote, akabandika gamu ya utepe mpaka hata mbu hawezi ingia. Ilikuwa refu hivi, kama mkono ya mtu mzima. Gogo akaipigapiga pole pole kama mtoto unataka alale, akaniangalia.

"Mchunge vizuri, Wafula. Hajazoea baridi."

Halafu tukakaa hapo tukipiga hadithi, akanieleza vile Mzee alikuwa mkaidi. Kila Jumapili alikuwa anampeleka Gogo kanisa na baiskeli, anafika kwa geti, anasimama hapo nje na jua yake mpaka ibada iishe, anamrudisha nyumbani. Kuingia alikataa. Ukimuuliza anasema ataingia siku atapata nguo ya maana. Mtu anafuma nguo ya mji mzima anasema hana nguo. Gogo alikuwa anacheka akisema hiyo, lakini unaona kwa macho hacheki sana.

Daktari naye akaniachia masharti. Nisifungue. Nisiwekelee kitu juu. Na siku ya kutoka isifunguliwe ikiwa baridi, kwa sababu itatoka jasho kama chupa ya soda, na maji ikiingia kwa hiyo sufi ndio mwisho. Akaniachia kifunguo ya nyumba yake, akasafiri Nairobi kwa mkutano ya watu wa nguo (sikujua wako wengi mpaka wanafanya mkutano).

Shida ilianza na kitu ndogo sana. Kila nikifungua friza wateja wanachungulia. Mmoja ananiuliza hiyo plastiki refu ni nini, mwingine anasema Wafula siku hizi unauza nyoka, mwingine akaenda akisema kwa stage nimeficha mtu. Nikaona hapana, hii itaniharibia biashara. Nikachukua gunia ya unga, zile nyeupe nafungianga nyama, nikavalisha ile kitu, nikafunga na kamba. Sasa hata mimi nikiiangalia naona nyama. Nikajiona mjanja kweli.

Hiyo wiki ya pili ndio pasta wetu alikuwa anaagwa, amehamishwa anaenda kanisa ingine huko Turbo. Na hapa kwetu pasta akienda, haendi mikono mitupu. Watu wanapanga laini kutoka kwa mlango, wanacheza wakienda mbele, kila mtu na yake: mahindi, kuku, maziwa, blanketi (eeh, hata blanketi, ningejua). Mimi nikatangaza kwa kila mtu ana masikio kwamba nitamletea pasta mguu wa mbuzi haijawahi onekana hii Uasin Gishu. Nikaitengeneza, nikaifunga kwa gunia nyeupe, nikaitia friza.

Jumapili asubuhi stima ikapotea. Nimevaa suti, nimechelewa, ndani ya buchari ni giza kama tumbo ya ng'ombe. Nikaingiza mkono, nikapapasa, nikashika kitu refu, ngumu kama mti, iko kwa gunia. Nikatoka mbio.

Kanisani nilicheza, wacha nikwambie. Wengine walikuwa wanaenda mbele kwa heshima, mimi nilienda nimebeba mguu kwa bega kama bunduki, nikirudi nyuma hatua moja, nikienda mbele mbili, akina mama wakipiga vigelegele mpaka mabati ikitetemeka. Nilipofika mbele nikaomba kipasa sauti (hakuna mtu alinipatia, nilichukua). Nikasema huyu mbuzi alikulia kwa mawe ya Keiyo, alikuwa anashindana mbio na wale wakimbiaji wetu na alikuwa anawaacha, na nyama yake ni ngumu ya afya, sikieni. Nikaigonga kwa meza ya madhabahu. Ko, ko, ko. Kanisa yote ikacheka. Nikagonga tena.

Mzee Kiptoo, ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu wa maneno mafupi na tumbo refu, akaipima na mkono akasema mbona huyu mbuzi amekonda hivi. Nikamwambia Mzee, ni mkimbiaji. Halafu pasta akainuka, akaweka mikono miwili juu ya ile gunia, akafumba macho, akaombea. Akaombea huyo aliye ndani ya hii zawadi na yule aliyeitoa. Ni maneno yake hivyo, mimi nilikuwa karibu. Nikasema amina ya nguvu kuliko watu wote.

Baada ya ibada wazee na wageni wakaelekea kwa pasta huko Kapsoya kwa chakula, na mimi nilikuwa nimealikwa, kwa sababu hata ng'ombe ya mchuzi ilitoka kwangu. Nikasema wacha nipitie buchari nione kama stima imerudi. Ilikuwa imerudi. Nikafungua friza, taa ikawaka, nikaona mfupa ya mguu wa mbuzi inanichungulia kutoka kwa gunia kama inaniuliza mbona uliniacha.

Nilitafuta ile ingine. Nilitoa nyama yote kwa sakafu. Hakuna ingine. Nikakaa chini kwa hiyo nyama na suti yangu. Nikapigia pasta, simu imezimwa, aliizima kwa sababu ya ibada na mtu mwema akizima simu anasahau kuwasha. Nikaona Mama Pasta kwa akili yangu, ako na kisu. Nikaruka boda, nikamwambia kijana kimbia, akauliza kuna mgonjwa, nikasema kuna blanketi. Aliniangalia kwa kioo njia yote.

Nikaingia kwa pasta bila kubisha. Sitingi rumu imejaa, wazee wako kwa viti, kila mtu na sahani, mchuzi inatoa moshi. Mama Pasta anatoka jikoni akijipangusa mikono. Nikamvuta kando nikamnong'oneza, ule mguu wa mbuzi uko wapi. Lakini Mama Pasta hajui kunong'ona, ni mtu wa kwaya.

"Mguu wako umenishinda, Wafula. Kamba imeganda haifunguki, nimemwagia maji moto juu, kisu imekataa hata kuingia. Saa hii natafuta panga."

"Mama, usikate," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilikuwa nataka.

Watu wote wakaniangalia. Sasa hapo ndio mtu ana akili anasema ukweli. Lakini nikaona wazee wote hao, nikaona pasta, nikakumbuka vile nilicheza, vile niligonga meza, nikaona siwezi sema nimempatia mtumishi wa Mungu blanketi ya wadudu. Nikatafuta uongo, na uongo ya haraka ndio mbaya kabisa. Nikasema hiyo mbuzi haikupigwa muhuri.

Kila mtu hapa anajua muhuri, ile ya daktari wa mifugo, ya rangi ya samawati. Nyama bila muhuri ni ugonjwa unatembea. Mzee Kiptoo alikuwa ameinua kijiko, mchuzi imefika karibu na ndevu, akaisimamisha hapo hapo.

"Na hii ng'ombe?"

Nikasema hii ng'ombe iko sawa kabisa, Mzee, lakini nikasikia sauti yangu mwenyewe na hata mimi singeninunulia nyama. Vijiko zikaanza kurudi kwa sahani moja moja. Mama mmoja akatema kwa kitambaa. Mzee Kiptoo akainuka na heshima yake yote, akaenda nje nyuma ya tangi ya maji, na tukamsikia huko akirudisha mchuzi. Na alikuwa amekula sahani mbili.

Nikaona vile maisha yangu inaisha. Kufikia Jumatatu mji mzima, kutoka mtaa wa West Indies mpaka kwetu, watakuwa wanasema Wafula analisha wazee mizoga, watu wa afya watakuja na kufuli, watoto wangu watarudi kijijini kulima. Na bado ile blanketi iko jikoni inangoja panga.

Pasta akaweka sahani chini. Ni mtu mpole, hata akikasirika anakasirika pole pole.

"Ndugu Wafula. Sema ukweli ya Mungu."

"Pasta," nikasema, "si nyama. Ni blanketi."

Nafikiria wangependelea ile uongo ya muhuri. Walikaa wakiniangalia kama mtu amepigwa na jua. Nikaeleza yote, friza, wadudu, gunia, stima, Daktari, Gogo Rael, nikieleza nikipiga magoti bila kujua nimepiga magoti. Mama Pasta alipandisha mkono kwa kifua aliposikia ni ya Gogo, kwa sababu kila mtu anajua hiyo blanketi ndiyo tu imebaki ya Mzee Kibor. Akaenda jikoni akaileta akiibeba kama yai, gunia imelowa, na panga ilikuwa tayari kwa meza, niliiona na hizi macho zangu. Pasta akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni ile tu aliombea. Nikasema ndiyo ile. Akakaa.

Nikampigia Daktari Jerop huko Nairobi. Nilimweleza yote. Halafu akaniuliza kama plastiki imepasuka. Nikatoa gunia, nikaangalia na simu kwa sikio, kila kona, ile gamu yote imeshika. Maji ya moto ilikuwa imepita juu tu. Nikasikia anapumua.

"Nisikize. Usifungue. Usipinde, usikunje. Hizo nyuzi zikiganda zinavunjika kama tambi kavu. Iweke kwa mikono miwili, ilale sawa, uipeleke kwa meza yangu uiache mpaka baridi iishe yenyewe. Na Wafula, usiigonge na kitu."

Nikakumbuka meza ya madhabahu. Ko, ko, ko. Na nilikuwa nimerudia.

Nilijaribu boda, tuta ya kwanza ikanirusha, nikashuka. Kwa hivyo nikatembea, Kapsoya mpaka Kimumu, nikipitia zile njia za nyuma, mikono mbele hivi, nimelaza ile kitu juu yake. Sasa nifikirie: mwanaume mzima, suti nyeusi, macho nyekundu, anatembea pole pole, amebeba kitu ndogo refu imefungwa na karatasi nyeupe. Mimi sikuwa najiona. Nilianza tu kuona watu wa boda wanazima injini. Mzee mmoja akatoa kofia. Mama wa mboga akasimama akaweka mkono kwa shavu. Nikafikiria labda nimejulikana, labda habari ya mchuzi imenitangulia. Halafu nikasikia nyuma yangu mtu ameanzisha wimbo ya mazishi.

Nikageuka kidogo, shingo tu, nikaona kuna watu wananifuata. Wengi. (Kuna wenye wanasema walikuwa kumi, mimi nasema walijaza barabara.) Mama mmoja akakuja kando yangu akaniuliza kwa upole, pole baba, alikuwa wa miezi mingapi.

Ungefanya nini. Ningeongea ningecheka ama ningelia, na yote mawili ingetingiza mikono. Nikatikisa kichwa tu. Akasema Mungu ndiye anajua, akalia kwa niaba yangu. Wakanisindikiza mpaka kwa geti ya Daktari, wakaimba beti ya mwisho, wakaomba, wakaenda. Wengine wao mpaka leo wakininunulia nyama wananiangalia na huruma, na mimi sijawahi kuwaambia. Sasa mtawaambia nyinyi.

Nililaza blanketi kwa ile meza refu. Hiyo usiku sikulala kitu, nilikuwa nasikia nyuzi zikikatika kwa kichwa yangu moja moja.

Kesho yake Daktari alifika na Gogo Rael wakiwa pamoja. Alikuwa amemweleza njiani, yote, hata hajanibakishia kitu. Mimi nilisimama kwa mlango, mguu moja ndani, mguu moja tayari kwa mbio. Daktari akagusa plastiki nje, imekauka, baridi imeisha. Akavaa glavu. Akakata gamu. Akaviringua pole pole, na mimi nikafunga macho, na niliyafungua tu niliposikia amesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hakuna pahali imevunjika. Wadudu wamekufa wote, wamekauka kama chenga za chai. Blanketi ilikuwa hapo nzima, ya kijivu na mistari nyekundu, na kwa kona ile shimo ya zamani tu. Akaniuliza kama kuna pahali iligongwa, kwa sababu ile bomba ya ndani imebonyea kidogo kwa kichwa. Nikasema labda barabarani. (Baadaye nilimwambia ukweli. Alicheka, mara ya kwanza. Kumbe ile kichwa ya bomba ndiyo ilikula zile gonga zote, blanketi ilikuwa imeanzia chini yake.)

Ule mguu wa mbio nikauingiza ndani pia.

Gogo akasogea kwa meza. Aliweka mkono juu ya ile blanketi, Daktari akamwachilia ashike bila glavu, yeye pekee. Halafu akaniita nikaribie, nikajua sasa ndio nachapwa.

"Wafula, uliingia naye kanisa?"

"Niliingia naye, Gogo. Nisamehe."

"Mpaka mbele?"

"Mpaka mbele kabisa. Nikicheza."

"Na pasta akamwekea mikono."

"Miwili, Gogo. Akamwombea. Na watu wakamsindikiza na nyimbo mpaka hapa."

Gogo akainamisha kichwa. Mabega ikaanza kutingika, nikafikiria nimemuua nyanya wa watu, kumbe anacheka, anacheka na machozi inashuka, amejishikilia kwa meza.

"Miaka yote hiyo nilimvuta kwa geti," akasema. "Alikuwa anangoja tu mtu wa kumbeba."

Ule mguu wa mbuzi nilimpelekea pasta kabla ahame, na niliubeba wazi, bila gunia, bila karatasi, muhuri ikiangalia mbele ndiyo kila mtu wa Kapsoya auone. Mzee Kiptoo alikuwako. Aliusoma huo muhuri na miwani kwanza, akaupiga ngumi kidogo, ndio akakubali kukaa kwa meza.

Na mimi nimeapa: kwa friza yangu kila kitu inalala ikiwa uchi, ionekane ni nini, na nikiambiwa zawadi ni ya pasta naifungua mbele ya watu hata kama ni yai. Daktari friza yake ilitengenezwa. Lakini Gogo Rael, kila akipita hapa akienda kanisa Jumapili, amejifunga ile blanketi kwa mabega, ananisimamia kwa mlango aniulize kama leo niko na nafasi ya kumbeba mtu.